Kuuza Chevelle, Mustang au GTO Uliyoifufua Mwenyewe: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Mimi ni fundi bodi, mzaliwa wa Tanga, na gereji yangu ya sasa iko Columbus, Ohio. Simu haziishi: Mkenya wa Houston, Mkongo wa Dayton, Mzanzibari wa Toronto. Kila mmoja ana gari la Kimarekani la miaka ya sitini alilolilalia chini miaka mitatu, na sasa ada ya chuo ya mtoto imefika na gari lazima litoke. Maswali ni yaleyale, na majibu yangu ni haya.

Fundi, gari langu linahesabika kuwa "la misuli"?

Wamarekani wanaliita hivyo gari la kawaida, la bei ya mfanyakazi, lililotiwa injini ya V8 ya gari kubwa. Wengi wanaanza kuhesabu na Pontiac GTO ya 1964: bodi ya Tempest, injini ya inchi za ujazo 389. Baadaye zikaja Chevelle SS (SS ni toleo la Chevrolet la injini kubwa), Road Runner, Charger R/T na wenzake. Wazee wabishi watakwambia Mustang na Camaro ni ukoo mwingine. Waache wabishane, sokoni zinauzwa safu moja.

Ukiona gari la 1972 limeandikiwa nguvu ndogo kuliko ndugu yake wa 1970, usidhani umeibiwa. Mgandamizo wa injini ulikuwa umeshapunguzwa, halafu mwaka huo viwanda vikaanza kutangaza nguvu ya injini ikiwa imefungwa vifaa vyake vyote. Kabla ya hapo walikuwa wanapima injini tupu.

Nimetumia dola 60,000 kulifufua. Niuze 70,000?

Uza kwa bei yake. Gharama yako ni siri kati yako na Mungu wako, na soko haliulizi. Magari mengi yaliyofufuliwa kwa mkono yanauzwa chini ya pesa iliyoingia, hasa kama uliyempelekea rangi alikuwa anatoza kwa saa. Mimi kwenye Chevelle yangu ya kwanza nilihesabu saa zangu mpaka 900, nikaacha kuhesabu. Hakuna aliyezilipa.

Tafuta bei ambazo magari kama lako yameuzwa kweli, si bei ambazo watu wanatangaza. Kampuni ya bima ya Hagerty, ya Traverse City, Michigan, ina orodha ya bei inayogawa hali ya gari kwa madaraja, 1 hadi 4. Daraja la 1 ni gari la maonyesho ambalo hata bolti ya chini imewekewa alama ya chaki kama kiwandani. Daraja la 4 linatembea lakini kasoro zake unaziona ukiwa ng'ambo ya barabara. Karibu kila anayenipigia anajipa 2. Nikifika na tochi, anakuwa 3.

"Namba zinalingana" maana yake nini hasa?

Maana yake injini iliyomo ndiyo ileile iliyotoka nayo kiwandani. Si "injini ya aina ileile", wala "injini ya mwaka uleule". Hapa ndipo pesa ilipolala, kwa hiyo tulia tusome pamoja.

Kuanzia magari ya 1968, sehemu ya namba ya gari (ile ya kiwandani, VIN, si ya usajili) inagongwa kwenye injini na giaboksi, na bamba la namba liko juu ya dashibodi, unalisoma kwa nje kupitia kioo cha mbele. Kwenye Chevrolet ya V8 fungua boneti uende upande wa abiria, mbele kabisa ya kichwa cha silinda. Pana sehemu bapa ndogo. Ifute kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Msasa usiukaribishe kabisa hapo. Kwenye injini kubwa utakuta maandishi yanayoanza na T, yaani kiwanda cha Tonawanda, New York, kisha mwezi na siku ilipounganishwa, kisha herufi za aina ya injini. Pembeni yake kuna mkia wa namba ya gari. Mkia huo ukifanana na ulioko kwenye dashibodi, ndiyo tunasema zinalingana.

Halafu kuna tarehe ya chuma chenyewe kilipomiminwa. A ni Januari, L ni Desemba, inafuata siku, kisha tarakimu ya mwisho ya mwaka. C 12 9 ni tarehe 12 Machi 1969. Chuma kilichomiminwa Machi hakiwezi kuwa kimetoka na gari lililounganishwa Januari, na mnunuzi mwenye akili anaifanya hesabu hiyo kichwani huku anakusikiliza unavyolisifu gari.

Onyo kwa wanaotaka kupeleka injini kukwanguliwa: mashine inayosawazisha uso wa bloku inafuta namba hizo. Piga picha kabla, na mwambie fundi wa mashine asiguse pale. Namba zikishafutika wapo watu wanaozigonga upya, lakini uso uliotoka kiwandani una mistari myembamba ya kukatwa, na uliogongwa upya huwa laini kama sahani. Anayejua anaona. Kama injini si ya asili, andika hivyo kwenye mstari wa kwanza wa tangazo, uendelee na maisha yako.

Nitathibitishaje kwamba ni SS au GTO halisi na si ya kugeuzwa?

Inategemea ukoo.

Ford ndio rahisi. Namba ya gari yenyewe inataja injini kwa herufi ya tano. Mustang ya 1968 inayoanza 8R02S ni ya mwaka huo, ya kiwanda cha San Jose, bodi ya mgongo wa mteremko, injini ya 390. Ikianza 8R02C ilizaliwa na 289 ya kawaida, hata kama leo ina nembo za GT kila kona. Kwa Ford za kuanzia 1967 unaweza kununua Ripoti ya Marti, inayotokana na kumbukumbu za Ford zenyewe, nayo inakwambia mpaka rangi na siku ya kuunganishwa. Inunue kabla ya kutangaza. Ni bei ya chakula cha watu wawili na inakuondolea maswali 50.

Chrysler na wadogo zake, Dodge na Plymouth, kuanzia 1966 nao wanaitaja injini kwa herufi ya tano. Wana pia kibamba cha alama kwenye ukuta wa ndani wa chumba cha injini, na ukiwa na bahati, karatasi ya kiwandani inayoorodhesha gari lilivyoundwa, iliyosahaulika kwenye springi za kiti cha nyuma.

Pontiac ina kumbukumbu zake, zinauzwa na kampuni iitwayo PHS. Zinahitajika hasa kwa GTO za 1964 na 1965, kwa sababu miaka hiyo GTO ilikuwa kifurushi cha nyongeza na namba ya gari haisemi chochote. Kuanzia 1966 hadi 1971 namba ya GTO inaanza na 242.

Chevrolet ndiyo inayotutoa jasho. Chevelle SS 396 ya 1966 hadi 1968 inaanza na 138, umemaliza. Kuanzia 1969 SS ikawa kifurushi, na namba ya gari lenye SS haitofautiani na ya Malibu, Chevelle ya kawaida ya mwalimu wa shule. Kama gari liliuzwa mara ya kwanza Kanada, kumbukumbu zipo. Kama liliuzwa Marekani, unategemea karatasi ya kiwandani, risiti ya muuzaji wa kwanza, au kile kibamba cha aluminiamu kilichokuwa kwenye kijitabu cha dhamana. Karatasi ya kiwandani ya Chevelle mara nyingi imejificha juu ya tangi la petroli. Kwa hiyo ukishusha tangi, usikimbilie kulipulizia upepo.

Lilikuwa Malibu, nimeligeuza SS. Lazima niseme?

Lazima. Nitakwambia yangu.

Ile Chevelle ya 1969 niliinunua kama SS 396. Nembo zipo, boneti ya SS ipo, injini kubwa ipo. Nilipoingia chini nikahesabu bolti za kifuniko cha difu: 10. SS 396 ilitoka na difu ya bolti 12, na mimi nilijua hivyo. Nikajiambia labda mtu alibadilisha. Miezi minne baadaye nikashusha tangi, na juu yake kulikuwa na karatasi iliyoganda kwa vumbi, kona moja imeliwa na panya. Nikaimwagia maji kidogo, nikaibandua kwa kisu cha puti, nikaianika juu ya gazeti. Injini iliyoandikwa pale ni 307. Gari lilizaliwa Malibu, mtu akalivisha koti la SS, nami nikaingia mkenge kwa macho makavu.

Nilikaa na karatasi ile usiku mzima. Kuichana ilikuwa kazi ya sekunde mbili. Lakini ningeichana bado kungekuwa na bolti 10, na kungekuwa na mtu mwingine kama mimi amelala chini ya gari anazihesabu. Nikaliandika kama lilivyo: Malibu iliyogeuzwa, injini ya 396 ya kununua, karatasi ipo. Likauzwa. Kwa pesa pungufu sana ya ndoto yangu, lakini likauzwa, na simu ya kunitukana haijaja.

Gari la kugeuzwa si dhambi. Wapo wanunuzi wanaolitaka hasa, maana wataliendesha bila kuogopa. Dhambi ni kuliuza kwa jina la mwenzake, na huku wanakupeleka mahakamani.

Nilipige rangi mpya kabla ya kulitangaza?

Hapana. Rangi mbichi inamtia mnunuzi wasiwasi: unaficha nini? Kama rangi ina umri wa miaka minane na bado inang'aa, hiyo ni sifa. Osha, piga polishi, basi.

Na kama gari halijawahi kuguswa kabisa, lina rangi yake ya kiwandani hata kama imechakaa, nakuomba weka spana chini kabla hujaanza "kulifufua". Januari 2020, kwenye mnada wa Mecum kule Kissimmee, Florida, Mustang ya 1968 aliyoiendesha mwigizaji Steve McQueen kwenye filamu ya Bullitt iliuzwa kwa dola milioni 3.74 pamoja na ada. Ilikuwa na kutu na makovu ya matumizi, kama familia iliyokuwa nayo tangu 1974 ilivyoiacha. Lako halina McQueen, najua. Lakini rangi ya kiwandani inatoka mara moja tu, na wanunuzi wengi siku hizi wanailipia.

Mnunuzi atakagua wapi?

Aliyenunua Chevelle yangu alikuwa mzee mstaafu wa kiwanda cha magari. Alikuja na mfuko wa kitambaa. Ndani mlikuwa na tochi, kioo kidogo chenye mpini kama cha daktari wa meno, na sumaku aliyoifunga kwenye leso ili isikwaruze. Hakuniuliza kitu. Akaanza kuitembeza ile sumaku kwenye bodi taratibu, kutoka mlango wa mbele kwenda nyuma, kama mtu anayepiga pasi. Nyuma ya gurudumu la kushoto, chini, sumaku ikateleza na kumdondokea mkononi. Akairudisha. Ikadondoka tena. Akaniangalia.

"Puti," nikasema.

"Nene," akasema.

Ilikuwa kweli. Palikuwa na shimo la kutu pale ambalo nilipaswa kulikata na kuchomelea bati jipya, nikachoka, nikapaka puti, ambayo sumaku haiishiki. Alinikata dola 1,500 kwa sehemu ya ukubwa wa kiganja. Bati lenyewe lingenigharimu kipande tu cha pesa hiyo na Jumamosi mbili.

Kwa hiyo pita wewe kwanza na sumaku yako. Chevelle huoza chini ya kioo cha nyuma, sakafu ya buti na kona za chini za nyuma. Mustang za mpaka 1968 huoza pale chini ya kioo cha mbele panapoingia hewa. Ukimwaga maji pale yakatokea miguuni kwa abiria, umeshajua. Mnunuzi naye atakuja na chupa ya maji.

Picha na video?

Picha nyingi, mchana, kivulini. Chini ya gari zaidi ya juu. Picha za wakati bodi iko uchi, kabla ya rangi, zinauza kuliko za machweo. Video moja tu ni ya lazima: injini ikiwashwa ikiwa baridi kabisa, bila kukata, huku umeshika boneti kwa kiganja kuonyesha haina joto.

Niuzie wapi?

Kuna njia tatu, na kila moja ina anayekula.

Minada mikubwa, kama Barrett-Jackson ya Scottsdale kila Januari na ile ya Mecum, inafaa gari la kipekee lenye karatasi zilizokamilika. Unalipia kuingia, unakatwa kamisheni, na mnunuzi anaongezewa asilimia yake juu ya bei. Barrett-Jackson magari mengi huuzwa bila bei ya chini, maana yake ukumbi ukiwa umelala saa ya gari lako, limekwenda. Mtu mwenye moyo mwepesi asiende.

Minada ya mtandaoni, Bring a Trailer ikiwa maarufu zaidi, kwa wengi wetu ndiyo sahihi. Muuzaji hulipa ada ndogo ya tangazo, kamisheni anabeba mnunuzi. Jiandae kuulizwa. Watu ambao hawana nia ya kununua hata tairi watakuuliza namba iliyoko kwenye dinamo, na usipojibu wenye pesa wanakimbia. Jibu kila kitu, siku hiyohiyo, bila hasira.

Dalali wa magari ya kale atakaa nalo kwenye ukumbi wake na kuchukua sehemu yake. Pata mkataba unaosema ni lini analipa. Nilipata kumpa mmoja gari la mteja, likauzwa Juni, pesa ikaja Oktoba kwa vipande kama mchezo wa kupeana.

Na usidharau kijiwe. Jumamosi moja ya Agosti, Woodward Avenue kule Detroit na vitongoji vyake inajaa magari haya mpaka hayasogei. Karatasi ya "LINAUZWA" kwenye kioo pale inasomwa na watu wanaojua wanachokisoma. Methali inasema kizuri chajiuza. Kweli, lakini sharti kionekane.

Nimruhusu aendeshe?

Baada ya kuona leseni na ushahidi wa pesa, na wewe ukiwa kiti cha pembeni. Uendeshe wewe kwanza. Aliyezoea gari la kisasa hajui breki za ngoma ni kitu gani mpaka taa nyekundu imfikie.

Hati ya gari haijawahi kuingia jina langu. Aliyeniuzia alisaini tu nyuma.

Simama hapo. Kuuza kwa hati yenye jina la mtu wa kabla yako ni kosa. Kwanza lihamishe kwako, ulipe kodi yake, ndipo uuze. Na kabla ya lolote linganisha namba iliyoko kwenye hati na ya kwenye bamba, herufi kwa herufi. Karani wa 1983 aliyeandika 8 badala ya B anaweza kukuharibia mauzo ya leo.

Hapa Ohio muuzaji anasaini hati mbele ya mthibitishaji wa saini (notary), kwa hiyo usitangulize saini nyumbani. Namba za kubandika unazing'oa, ni zako. California kwa kawaida zinabaki na gari, na una siku 5 za kutoa taarifa kwamba umeuza. Texas kwa taarifa hiyo una siku 30. Itoe taarifa hiyo siku ileile. Vinginevyo faini za maegesho za mtu mwingine zitakuja kwako.

Odometa inasoma maili 41,000. Niandike hizo?

Odometa za enzi hizo zina tarakimu 5, zikifika 99,999 zinaanza upya. Sheria ya shirikisho haikulazimishi kutamka maili kwa magari ya 2010 kurudi nyuma. Kama huna karatasi za kuonyesha, andika "maili halisi hazijulikani".

Mnunuzi anataka kutuma hundi ya benki yenye pesa zaidi ya bei, eti nimlipe msafirishaji.

Tapeli. Kata simu.

Hata hundi ya benki isiyo na nyongeza inaweza kuwa bandia, na benki yako itaweka pesa kwenye akaunti kabla haijagundua. Wiki mbili baadaye inazichukua, na gari limeshaondoka. Nenda na mnunuzi kwenye benki YAKE, uone hundi ikiandikwa dirishani, au subiri uhamisho wa benki kwa benki na upige simu benki kuthibitisha. Pesa taslimu si vibaya, hesabieni ndani ya benki. Ukiweka zaidi ya dola 10,000 taslimu benki itaripoti. Ni kawaida, haina madhara. Kuzigawa elfu tisa tisa ili wasiripoti ndiyo jinai, hata kama pesa ni halali kama maziwa ya mama. Nasisitiza kwa sababu ndugu zetu wengi wameponzwa na ujanja huu ambao haukuwa na haja.

Kodi?

Ukiuza kwa faida, faida inatozwa. Ukiuza kwa hasara gari lako la kutembelea, hasara ni yako. Risiti za vipuri na za mafundi unaziongeza kwenye gharama. Saa zako 900 huziongezi.

Kaka, nikilipeleka Mombasa?

Kenya hairuhusu kwa kawaida gari lililozidi miaka 8 wala lenye usukani wa kushoto, kwa hiyo lako limeshindwa mara mbili. Wateja wa nje wa kweli wako kwingine: Sweden, ambako mapenzi ya magari ya Kimarekani ni ya ajabu, na Ghuba, ambako usukani wa kushoto ndio wa kawaida. Hati halisi lazima ifike forodha ya Marekani angalau saa 72 kabla ya gari kutoka. Mpe mnunuzi kazi hiyo na gharama zake.

Nimebaki na maboksi ya vipuri vya zamani. Nivitupe?

Usithubutu. Kabureta ya zamani yenye namba yake, bracketi, kofia ya radieta, hata skrubu zenye kutu: vyote ni vya gari. Vipange, viandike majina, viondoke nalo.

Mzee wa sumaku nilimpa maboksi matatu. Aliyapakia nyuma kwenye pikapu yake bila kuyafungua, akayafunga kamba. Ile karatasi iliyoliwa na panya nilikuwa nimeitia kwenye bahasha ya plastiki. Hiyo hakuipeleka nyuma. Aliiweka kiti cha mbele, akaifunga mkanda.